Povu la Chumba cha Mzazi

Nyevu Kitsao hajui kutulia. Akiketi, mguu wake hucheza. Akisimama, mkono hutafuta cha kufuta. Kule mtaa wa Buxton alikopanga chumba, majirani wamezoea kumwona asubuhi akishuka ngazi hadi chini, akarudi juu kukagua mtungi wa gesi, akashuka, akapanda tena. Wamempa jina la Mama Kagua, na yeye halimuudhi. "Heri miguu iume," huwajibu, kisha huondoka mbio, maana kwa kukagua huko tayari amechelewa.

Kazi yake ni kuuza vitu vya kuziba na kugandisha. Usicheke. Duka la Zein, nyuma ya soko la Marikiti, lina misumari na rangi na mabomba kama maduka mengine, lakini watu huyapita maduka matatu mazima ili wafike kwenye rafu yake ya mwisho upande wa kushoto, na kwa mwanamke anayesimama mbele ya rafu hiyo. Aliajiriwa miaka kumi na miwili iliyopita kufagia na kupangusa vumbi. Kwa kuwa hawezi kushika kitu asikisome, akaanza kusoma yale maandishi madogo ya nyuma ya makopo ambayo mafundi wenyewe hawayasomi. Neno asilolijua aliliandika kiganjani akaenda kuuliza. Leo ukiingia ukasema, "Nipe gundi," atakutazama kama daktari aliyeambiwa, "Nipe dawa."

"Gundi ya nini? Mbao kwa mbao? Chuma? Kigae? Kitu chenyewe kinalowa maji? Kinapigwa na jua?"

Gundi nyeupe ya mbao haistahimili maji, atakwambia. Iunge nayo kiti cha barazani uone kitakavyokuangusha mbele ya wakwe. Ile ya mirija miwili inayochanganywa hushika hata jiwe, ila ukikosea kipimo itabaki mbichi mpaka siku ya kiama. Silikoni ni ya bafuni na jikoni, na usijisumbue kuipaka rangi, haishiki. Halafu kuna povu, lile kopo refu lenye mrija mwembamba. Hilo ndilo kipenzi chake na ndilo linalomkosesha usingizi. Tone la ukubwa wa limau hufura likawa nazi, kwa hiyo jaza nusu ya ufa, nusu ya pili litajijaza lenyewe. Safisha vumbi, nyunyiza maji kidogo ukutani, vaa glavu, maana likishika ngozi halitoki mpaka ngozi nayo itoke. Na bado hajamaliza.

Hapo ndipo Zein alipokuwa akikereka. Si mtu mbaya, Zein. Ni mtu mwenye duka. Asubuhi ya Jumanne moja ya Julai alimwita kando, uso umekunjamana.

"Nyevu, hebu nambie. Wewe wauza gundi ama wasomesha darsa?"

"Nauza, bosi."

"Mteja aja kwa kopo moja, wewe wampa sumu, wampa mapafu, wampa moto, wampa mato kupofuka. Mtu aingia na ufa wa dirisha, atoka apiga shahada! Jana wawili wameweka makopo chini wakenda kwa jirani. Mwambie la kumfaa, basi. Maneno mengi yafukuza riziki."

Vibarua wawili waliokuwa wakishusha saruji wakacheka. Nyevu aliinamia rafu yake akaanza kupanga makopo yaliyokwisha kupangwa. Lilimchoma neno lile, na lilimchoma zaidi kwa kuwa lilikuwa na ukweli ndani yake.

Mchana, kabla ya adhuhuri, akaingia mzee mmoja mwembamba, kanzu ya kijivu, kofia ya kushonwa kwa mkono, miwani yake mguu mmoja umefungwa kwa uzi. Mkononi alikuwa na kikapu cha sokoni: pilipili manga, tangawizi mbichi, na mfuko mdogo wa makaa.

"Nataka dawa ya kuziba dirisha, mwanangu. Nyumba yetu ni ya kale. Mbao za dirisha zimeachana na ukuta, upepo waingia bila hodi."

"Ukuta wa mawe ya matumbawe?"

"Wa mawe na chokaa. Ukiugusa wamwagika."

Nyevu akafurahi, maana alipenda mtu anayejua ukuta wake. Akamteremshia povu makopo mawili. Akamwambia habari ya brashi na vumbi la chokaa, habari ya maji na glavu, na akamsisitizia mara tatu kwamba ufa ujazwe nusu tu. Mzee aliitikia kila neno kwa adabu, kwa namna ya mtu ambaye atafanya apendavyo.

"Na harufu yake yakaa sana?" aliuliza. "Maana magharibi sisi twafukiza, na chumba chenyewe..." Akasita. "Kina mtu asiyetoka."

"Harufu itapungua, mzee wangu. Na kuna jambo la mwisho, tena kubwa..."

Zein, kule kwenye meza ya kupokelea pesa, akakohoa.

Kilikuwa kikohozi kidogo tu. Nyevu alihisi masikio yakimwaka moto. Akalimeza lile neno. "La mwisho," akasema, "kilichozidi usikikate leo. Kikate kesho, kikikauka."

Mzee akalipa taslimu. Angelipa kwa simu, jina na nambari yake vingebaki, lakini wazee wa aina hiyo bado wanaiamini noti wanayoiona. Nyevu akamuuliza kama amwitie tuktuk. "Ya nini? Kibokoni hapa tu, napiga mguu," akajibu, akaenda zake.

Tangu hapo mchana ule haukukalika. Nyevu alipanga silikoni kwa rangi, akazipangua, akazipanga kwa bei. Alikula nusu ya chapati akaisahau nusu juu ya ngazi. Mara mbili alitoka hadi mlangoni akatazama upande wa Mji wa Kale, kuliko Kibokoni, akarudi. Mwenyewe alijiambia ni yale maneno ya asubuhi yanayomkera. Moyo ukikataa kutulia hauna budi kupewa sababu, na hiyo ilikuwa sababu ya karibu.

Kila jioni kabla ya kufunga, Zein hulifukiza duka lake kwa ubani ili riziki ya kesho ipate njia. Huwasha makaa ndani ya chetezo cha udongo, akakizungusha kwenye misumari, kwenye rangi, kwenye mabomba, huku akisoma kimyakimya. Na kila jioni, akikaribia ile rafu ya kushoto, Nyevu humwambia maneno yaleyale. Jioni ile pia aliyasema.

"Moto usiufikishe kwenye makopo yangu, bosi."

Kisha mdomo wake ukabaki wazi.

Magharibi sisi twafukiza. Chumba kina mtu asiyetoka. Pilipili manga na tangawizi. Nyevu mwenyewe, alipomzaa binti yake Mercy, jirani Mwislamu alimpikia uji wa pilipili manga siku baada ya siku, uji wa kumtia mzazi nguvu na kumtoa damu chafu. Mtu asiyetoka katika nyumba ya Kibokoni, anayezibiwa upepo na kunyweshwa uji ule, hakuwa mgonjwa wala mzee. Alikuwa mzazi ndani ya arobaini yake, zile siku arobaini baada ya kujifungua, na kando yake kitoto kichanga.

Na gesi inayolisukuma povu litoke koponi ni ndugu wa gesi ya kupikia. Ni nzito. Haipandi juu ikaondoka. Hulala sakafuni kama paka. Chetezo cha mzazi nacho huwekwa wapi? Sakafuni, kando ya kitanda, ili udi umpande mwilini. Chumba chenyewe kimezibwa kila ufa kwa makopo mawili, kwa maelekezo mazuri ya Nyevu Kitsao.

"Mulungu wangu," alisema. "Yule mzee wa miwani ya uzi. Ana mtoto mchanga nyumbani na watamfukizia kwenye lile povu."

Zein alisimama na chetezo mkononi. "Kwani hukumwambia?"

"Ulikohoa."

 Zein akageuka akakitoa chetezo nje ya duka kwa mikono miwili. "Nenda," alisema. "Nenda, Nyevu, nakuombea Mungu, nenda!"

Ilikuwa saa kumi na mbili kasorobo. Mwezi ule jua huzama dakika thelathini na kitu baadaye. Nyevu alivua viatu vya visigino akavishika mkononi, akakimbia na aproni ya duka shingoni, mwanamke wa miaka arobaini na mmoja, akipasua katikati ya watu waliokuwa wakinunua khanga na mbatata. Waliotukana walitukana. Hakugeuka.

Alipoingia vichochoro vya Kibokoni akasimama, kwa kuwa hakujua aende wapi. Mlangoni mwa nyumba ya kwanza alikuwapo fundi wa cherehani, kijana mwenye ndevu nadhifu aitwaye Faiz, anashona kanzu.

"Masalkheri, kaka."

"Masalkheri, dada. Karibu."

"Namtafuta mzee mmoja. Mwembamba, kanzu ya kijivu, miwani imefungwa uzi."

"Jina lake?"

"Silijui."

Faiz akatabasamu. "Wazee wembamba wa kanzu hapa ni nusu ya mtaa, dada."

"Nyumbani kwake kuna mzazi. Kuna mtoto mchanga."

Cherehani ikanyamaza. Hapo ndipo Nyevu alipoharibu, na alijua ameharibu neno lilipokuwa bado linamtoka. Mtoto ambaye hajatimiza arobaini hasemwi kwa mpita njia. Wa karibu wanajua, nao wanaingia kwa bismillahi. Mgeni asiye na jina, mwenye jasho, anayeulizia mtoto wa watu saa ya kuingia magharibi, huyo anaweza kuwa na jicho la kumwangusha mtoto asiinuke. Si roho mbaya. Ndivyo watoto wa mtaa ule walivyolindwa, na Faiz mwenyewe alilindwa hivyo.

"Hapa mtaani hapana mzazi," alisema, akimtazama usoni. Alijua anadanganya, na alijua kwamba Nyevu anajua.

"Kaka, nisikilize. Kuna kopo, lina gesi, wakiweka moto..."

"Hapana mzazi, dada. Salama."

Akajaribu nyumba ya pili. Mwanamke aliyekuwa dirishani alimsikiliza mpaka neno "mtoto," kisha akavuta ubao wa dirisha. Ya tatu hawakufungua. Alipogeuka kichochoro kingine habari zilikuwa zimeshamtangulia, maana mtaa ule hauhitaji redio, milango ilikuwa ikifungwa kabla hajabisha, na nyuma ya mmoja akasikia sauti ikisema, "Ndiye huyo, yuwapita." Nyevu aliona machozi yakimjia kwa hasira. Alitaka kuwapigia kelele kwamba yeye si mchawi, ni muuza gundi. Alitaka kumpigia kelele Zein. Zaidi ya wote alitaka kujishika mwenyewe mabega ajitikise, kwa sababu saa sita mchana yule mzee alisimama mbele yake kwa upole, akauliza, na jibu alikuwa nalo.

Wingu la magharibi lilikuwa limeshapata wekundu. Kutoka nyumba mojawapo ikaja harufu ya udi. Akainua uso kuitafuta harufu inatoka wapi, na macho yakatua kwenye dirisha.

Akaacha kuuliza watu. Akaanza kuyauliza madirisha.

Watu humficha mtoto. Nani angekumbuka kulificha povu? Alikwenda shingo imepinda juu, akijikwaa, dirisha baada ya dirisha: mbao zilizopigwa rangi, mbao zilizochakaa, vyandarua, nguo zilizoanikwa. Chokaa. Saruji. Silikoni ya zamani iliyowekwa na mtu asiyejua kazi. Kisha, nyumba ya pembeni yenye baraza la jiwe, ghorofa ya juu, akaliona. Rangi ya malai ya maziwa, bichi, linang'aa, limefura nje ya fremu kama hamri lililozidiwa hamira. Mzee alikuwa amejaza ufa mzima. Mara tatu aliambiwa nusu, naye amejaza mzima, Mungu amzidishie.

Adhana ikaanza kwenye msikiti wa karibu, na mingine ikaipokea.

"Hodi! Hodi wenyewe! Hodi!"

Mlango ulifunguliwa kiasi cha uso. Alikuwa mwanamke wa makamo ya bibi, leso mbili, pua nyembamba, mkononi ameshika kipepeo cha ukili cha kupepea makaa. Huyu alikuwa Bi Mwanaesha, mke wa mzee. Nyuma yake, chini ya ngazi, chetezo cha udongo kilikuwa kimekolea, makaa mekundu, udi bado haujatiwa.

"Mwenyewe yuko msikitini," alisema. "Wataka nini?"

"Bi, shikamoo. Natoka dukani alikonunua povu. Huo moto usiupandishe juu kwa mtoto."

Uso wa Bi Mwanaesha ukafunga kabla ya mlango. "Hapana mtoto hapa."

Na huko juu, waziwazi, mtoto akalia.

Wakatazamana. Bi Mwanaesha akausukuma mlango, na Nyevu, aliyelelewa kutompita mkubwa bila kumwamkia mara mbili, akatia bega. Akaingia. Akainama akakiokota chetezo kwa mikono mitupu, akikishika pale pale kwenye udongo ulioshika moto, akatoka nacho akipiga kelele kwa maumivu, akakitua katikati ya kichochoro.

"Shukeni!" alipaza sauti kuelekea juu. "Mama, shuka na mtoto! Fungua dirisha ushuke!"

Mtaa mzima ukatoka. Hao waliokuwa hawana mzazi, sasa kila mmoja alikuwa na ushuhuda. Mwizi! Mchawi! Ameingia kwa mzazi! Faiz alikuja na mkasi mkononi. Bi Mwanaesha alikuwa amesimama mlangoni. "Nafukiza chumba kile kwa miaka hamsini," alisema. "Watoto wangu sita, wote mle mle. Leo mwana wa watu aja aninyang'anya chetezo mkononi!"

Ngazi zikalia. Akashuka binti wa watu, Fadhiya, mjukuu wa nyumba, uso umempauka, mtoto amemfunika gubigubi. "Kitwa chaniuma tangu alasiri, bibi," alisema kwa sauti ndogo. "Mle ndani hamuvutiki pumzi. Nalikuwa nataka kukwambia."

Mzee wa miwani ya uzi, Mzee Muhdhar, alirudi kutoka msikitini akakuta kundi mlangoni kwake. Alimtambua Nyevu mara moja. Nyevu akamweleza, sasa bila kukatizwa na mtu: gesi, uzito wake, sakafu, makaa.  Alipomaliza, mzee alipanda juu, wakasikia dirisha likipigwa kwa ngumi mpaka likafunguka, kisha akashuka ameshika ufito mrefu, na kwenye ncha yake tonge la povu bado bichi, la ukubwa wa yai.

"Maneno ya kopo hayo," Bi Mwanaesha alikuwa akisema. "Maneno ya dukani."

"Tutaona," alisema mzee.

"Rudini nyuma," alisema Nyevu. "Mzee, unyooshe mkono wote."

Tonge lilipogusa makaa halikungoja. Moto ulipanda kwa mshindo hadi kimo cha kiuno, wa manjano, moshi mweusi ukifuata, na waliokuwa mbele wakawakanyaga waliokuwa nyuma. Ufito wenyewe ukashika. Mzee akautupa chini akaukanyaga mpaka ukazimika.

"Hilo ni tonge moja," alisema Nyevu. "Juu mmetia makopo mawili."

Bi Mwanaesha aliketi barazani pale pale. Akatazama dirisha. Akamtazama Fadhiya. Midomo yake ilikuwa ikisoma kitu kisichosikika.

Wakamwingiza Nyevu ndani, chumba cha chini, wakafunga mlango kwa watu. Mzee akaleta maji ya baridi, akashika mwenyewe viganja vya Nyevu akavitumbukiza, malengelenge yameshaanza. Fadhiya alilia akimbusu begani. "Mungu akulipe, dada, Mungu akulipe," alisema, na tena, na tena, mpaka Nyevu asiweze kuvumilia.

"Msinishukuru," alisema. "Nilijua tangu mchana. Mzee aliniuliza, aliniambia kabisa kwamba mnafukiza. Neno lilikuwa mdomoni mwangu nikalimeza, kwa sababu mtu alikohoa. Nisingekumbuka, mngekufa kwa ajili ya kikohozi."

Mzee Muhdhar aliinamisha uso. Fadhiya aliacha kulia. Nyevu aliitoa mikono majini akasimama aende, kwa sababu mwili wote ulikuwa unamtaka aondoke.

Bi Mwanaesha ndiye aliyemzuia. Alimchukua mtoto kutoka kwa mama yake, akamfunua uso pale pale, mbele ya mgeni, siku ya kumi na nane tu tangu azaliwe.

"Nami nalikwambia hapana mtoto," alisema. "Ningekuwa na nguvu za kuufunga ule mlango, ningeufunga. Kisha ningepanda juu na moto wangu."

Akamlaza juu ya mikono ya Nyevu, karibu na viwiko, mbali na viganja vilivyoungua. "Yuwaitwa Ishaq," alisema. "Mtazame."